Freimann, Maana Yake Mtu Huru

Moosharting, 30 Januari 1977

Burgl mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena, kisha nikafunga karakana ya ngozi kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu tumzike mama yako. Kwa hiyo ni kweli? Sheria mpya inamruhusu mwanamume achukue jina la mkewe, na Henning kwa kinywa chake mwenyewe amesema analitaka letu? Mimi nilishakubali kwamba jina litaingia kaburini pamoja nami. Nilikuwa nimelizoea wazo hilo kama mtu anavyozoea goti bovu. Leo unaniambia kutakuwa na Freimann mpya huko Bremen, tena daktari wa meno!

Nilikwenda moja kwa moja kilabuni Hirschen nikawanunulia watu bia. Sixtus mwoka mikate akaniuliza, "Vipi Korbinian, umerithi?" Nikamwambia, "Sijarithi, nimerithiwa."

Mwambie Henning asiniwekee kinyongo kwa yale ya sikukuu ya Wafalme Watatu. Mtu ukiitwa Henker, yaani mnyongaji, halafu kazi yako ni kung'oa watu meno, unataka wenzako wafanyeje, walie? Niliposema wengine binti zao hufunga ndoa ila wangu anafunga kitanzi, hata yeye alicheka. Nilimwona. Na ile kamba ya ndama niliyoining'iniza juu ya kiti chake ulikuwa utani wa nyumbani tu. Lakini namwelewa kijana. Nani ataingia kwa Daktari Mnyongaji na jino linamwuma?

Jina letu ni kitu kingine. Mweleze vizuri, maana watu wa kaskazini hawajui. Frei ni huru, Mann ni mtu. Babu za kina Sixtus walikuwa mali ya monasteri pamoja na kuku wao, sisi tulikuwa watu huru. Ndiyo maana nyumba yetu iko peke yake ng'ambo ya kijito, nje ya ukuta wa zamani: hatukupangiwa na mtu mahali pa kukaa. Ndiyo maana pale Hirschen tuna kiti chetu karibu na mlango, na hakuna mwingine anayekikalia hata watu wakijaa pomoni. Wazee wa ukoo wa Brandhuber mpaka leo hawatupi mkono, wanainamisha kichwa tu, kama mbele ya mkubwa. Na babu yangu, watu walimjia kwa mlango wa nyuma awaunge mifupa, kwa sababu walimwamini kuliko daktari.

Mwaka huu Sixtus ndiye mhubiri wa masihara kwenye sherehe ya bia kali ya Kwaresima. Nimemwomba aseme neno kuhusu jina letu mbele ya watu wote, sasa linapopata mwenyewe mpya. Alinitazama kwa namna ya ajabu. "Una hakika?" akauliza. Nikamwambia nina hakika.

Nakutumia paja la nguruwe la moshi. Likate jembamba, si kama wanavyokata huko kwenu.

Baba yako,
Korbinian Freimann


Bremen, 12 Februari 1977

Baba mpenzi,

Paja limefika, na Henning amelikata nene, samahani. Tumelila lote na mkate mweusi, kisha tukafungua dirisha maana chumba kizima kilinukia kwetu.

Nimefurahi kwamba umefurahi. Lakini, Baba, ile kamba. Henning alicheka kwa sababu alikuwa mgeni na watu walikuwa wanamwangalia. Kwenye treni hakusema neno mpaka Nuremberg. Hapo ndipo aliponieleza kwamba shuleni walikuwa wanamchorea mti wa kunyongea ubaoni, na kwamba mwalimu naye, badala ya kuufuta, aliuongezea kivuli. Mtu aliyekulia katika mzaha wa namna hiyo ukimtania anacheka haraka kuliko wote, ili yaishe. Nilitaka ulijue hilo. Sasa yamepita, tusonge mbele.

Habari za jina: nimefanya uchunguzi wangu! Katika kitabu cha simu cha Bremen nimekuta Freimann mmoja tu, bibi mjane. Nikampigia. Akasema, "Mwanangu, mume wangu alilileta kutoka Munich, mimi huku nalitamka mara tatu kila niingiapo dukani." Nikaenda posta wanakoweka vitabu vya miji mingine. Munich safu yetu ni ndefu kuliko kidole changu cha kati! Henning anasema ukishuka kusini hadi Austria unawakuta, ukipanda kaskazini wanapungua kama theluji ya Aprili. Jumamosi alikwenda maktaba ya chuo kutafuta asili yake kwenye vitabu vya majina, maana anataka kujua anavaa nini. Aliporudi nikamwuliza amepata nini. Akasema, "Mambo ya vitabu," akanibusu kwenye paji la uso, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa zamu yangu.

Kliniki itafunguliwa Septemba. Fundi wa vibao ameshachora mfano: Dr. Henning Freimann, herufi nyeusi kwenye shaba. Nimeuweka juu ya meza ninapoandika.

Harusi Juni, huko kwetu, kama ulivyotaka.

Wako,
Burgl


Moosharting, 24 Machi 1977

Burgl,

Nimefikiri tena. Si jambo zuri mwanamume kuliacha jina la baba yake. Henning abaki na lake na wewe ulichukue, kama wanawake wote walivyofanya siku zote. Sheria ni sheria, lakini si kila kinachoruhusiwa kinapendeza.

Kibao cha shaba mwambie fundi asikichonge.

Huku hali ya hewa ni ya mvua. Kazi ni nyingi, kwa hiyo nisipoandika usishangae.

Baba


Bremen, 29 Machi 1977

Baba,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipoandika sababu. Hapana. Mstari mmoja kuhusu mvua upo, sababu haipo.

Basi niseme mimi. Umekaa Hirschen, mtu amekuuliza, "Korbinian, kweli mnyongaji wa kaskazini ndiye atakayebeba jina lenu?" Wakacheka, nawe ukaona haya. Januari tu hii ulimning'inizia mgeni wangu kamba juu ya kichwa wakati anakula matonge ya viazi uliyomkaribisha mwenyewe. Ulilidhihaki jina lake mbele ya majirani. Alipokuja kulivua ili avae lako kwa heshima zote, unamwambia livue hilo pia. Sasa aitwe nani? Atembee uchi?

Unajua alivyofanya nilipomsomea barua yako? Hakukasirika. Alisema polepole, "Mwache baba yako, Burgl. Usimwandikie leo." Yeye anakutetea! Ndiyo maana ninaandika leo hii hii.

Kama Henning hafai kwa jina lako, basi nami silitaki. Wala usijisumbue kuagiza bia ya harusi. Tunaweza kuoana huku, mashahidi wawili wakatosha.

Nilikuwa naona fahari kuwa binti yako. Sikujua fahari yetu ni ya kuwafungia watu mlango.

Walburga


Landshut, 5 Aprili 1977

Kwa Burgl, mtoto wa kaka yangu,

Mimi shangazi yako Zenzi. Naandika nimelala, mguu umening'inizwa kama nyama buchani, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko. Daktari anasema nyonga itaunga, lakini ngazi za watu hadi vuli sitazipanda, na harusi yenu nitaisikia kwa barua.

Kama itakuwepo. Baba yako alinipigia simu juzi. Alimaliza kwa kusema, "Burgl amenikataa na ana haki," akakata. Sasa nitakueleza, hata kama ameniapisha nisiseme.

Kwenye sherehe ya bia kali Sixtus alipanda juu ya pipa na joho lake la mtawa, kama kawaida. Akamsema meya, akamsema padri, watu wakashika mbavu. Kisha akafika kwa Korbinian. Rosl, mwenye Hirschen, ndiye aliyenipa maneno yenyewe, nami nayaandika kama alivyoniambia:

"Jirani yetu Korbinian ameniomba niwaeleze jina lake. Anasema maana yake ni mtu huru. Kweli kabisa, ndugu zangu! Wazee wake walikuwa huru. Huru kuvuka daraja saa yoyote, kamba begani. Huru kukaa peke yao karibu na mlango, maana nani angekaa nao? Sisi huku tuliwaita Freimann, kule kaskazini wanasema Henker. Sasa mnyongaji amempata mnyongaji mwenzake, na hiyo ndoa haihitaji cheti, inahitaji fundo tu!"

Burgl, baba yako alicheka. Alicheka kwa sauti, akipiga meza, kwa sababu alidhani anayesemwa ni Henning. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, yeye bado anacheka. Halafu akamgeukia Rosl: "Mbona mmenyamaza?" Rosl akasema, "Kwani, Korbinian, hukujua?" Akawatazama wote, meza moja baada ya nyingine. Hata watoto walikuwa wanajua. Akachukua kofia yake, akamshukuru Sixtus, ndiyo, alimshukuru, akatoka. Hajarudi tena pale. Kanisani anaingia kwa mlango wa pembeni misa ikishaanza.

Ndivyo ilivyo. Zamani huku kwetu mtu wa kazi ile hakuitwa mnyongaji, watu waliliogopa neno. Walimwita Freimann. Alipiga viboko, alinyonga, na siku isiyo na mtu wa kunyonga alichuna farasi waliokufa. Ndiyo maana ukoo wetu uko kwenye ngozi. Aliishi nje ya ukuta. Aliyemgusa mkono alichafuka naye. Lakini mtu akivunjika mguu alimwendea kwa mlango wa nyuma, maana nani aliyejua viungo vya mwili kuliko yeye? Baba yako alivijua vyote hivi tangu utotoni. Ila alivisoma kinyume.

Mimi nilijua. Mama alinieleza wiki ya harusi yangu, kwa sababu wazazi wa mume wangu walisitasita, ikabidi nijue kwa nini. Nikamwuliza, "Na Korbinian?" Akasema baba amekataza. "Mwacheni mvulana atembee kichwa juu." Nami nikamwacha, hadi leo ana mvi. Nilidhani ni upendo. Sasa naona tulimpandisha tu ngazi ndefu ili aanguke kutoka juu zaidi.

Barua yako, amenisomea kipande. Ile ya kufungia watu mlango. Alikisoma bila kutetemeka, kama anasoma bei ya ngozi, nikajua imemkata hasa.

Hakutaka Henning avae jina hilo kwa sababu anamheshimu. Ulielewa kinyume. Ni ugonjwa wa ukoo.

Shangazi yako,
Kreszenz


Bremen, 12 Aprili 1977

Baba,

Shangazi ameniambia. Usimgombeze.

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila mara naanza kwa kujitetea, halafu naichana. Kwa hiyo bila utetezi: nilikutukana na wewe ulikuwa umeumia tayari. Ningekuwa nyumbani ningekuona uso, nisingethubutu. Kalamu haioni uso wa mtu.

Lakini kuna jambo jingine nawe ulijue. Barua ya shangazi nilimsomea Henning kwa sauti, hapa jikoni, Jumatatu ya Pasaka. Mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza huuliza. "Nini? Nani kasema? Lini?" Yeye hakuuliza chochote. Alikuwa anatazama sakafu. Nikasimamisha kusoma nikasema, "Ulikuwa unajua." Akasema, "Tangu Februari. Tangu maktaba."

Kwa hiyo ile siku aliponiambia nisikuandikie, alijua kwa nini umekataa. Alijua, akaniona nachukua karatasi, akaniona nalamba stempu. Angeweza kusema neno moja tu.

Nimemwambia aende kwa dada yake Oldenburg. Ameenda. Kliniki, harusi, kibao, sijui. Nimekaa na mfano wa kibao mezani na siwezi kuutupa wala kuutazama.

Unisamehe kama unaweza. Kama huwezi bado, niandikie basi kuhusu mvua.

Burgl wako


Oldenburg, 17 Aprili 1977

Mheshimiwa Mzee Freimann,

Sina haki ya kukuita baba mkwe, kwa hiyo nakuita kama ulivyo.

Bila shaka Burgl amekuandikia. Yote aliyosema ni kweli. Nimalizie yale asiyoyajua, kwa sababu nisipoyasema sasa sitayasema kamwe.

Siku ile maktaba nilipofika kwenye jina lako nilicheka. Nilikuwa peke yangu kati ya rafu na nilicheka mpaka mtunza vitabu akaja kuangalia. Utotoni kote nilibeba mti wa kunyongea ubaoni, kisha kamba yako juu ya sahani yangu, na kumbe nilikuwa nimeketi mezani kwa mwenzangu! Nikanakili maneno yale kwenye karatasi nikaiweka mfukoni mwa koti la harusi. Nilitaka kuisoma siku ya harusi, baada ya hotuba yako. Nilishaandaa hata mahali pa kunyamaza ili watu wacheke.

Niliibeba wiki nzima kama mtu aliyebeba peremende. Halafu nikaanza kuona haya, lakini haya kidogo tu, haya isiyofanya kazi yoyote. Karatasi sikuichana. Barua yako fupi ilipofika nilielewa mara moja: umeambiwa. Burgl alipowaka, nilimwambia asubiri, sikumwambia kwa nini. Kama ningemwambia ningelazimika kueleza nimejuaje na kwa nini nilinyamaza. Nikaona afadhali wewe utukanwe kuliko mimi nijulikane. Hilo ndilo lililotokea, na sina jina zuri la kuliita.

Kuna jambo ambalo vitabu vinasema na nadhani hukuambiwa. Wanaoitwa Freimann hawatoki shina moja. Wengine wazee wao walikuwa kweli wakulima huru wasio na bwana. Wengine walitoka kijiji cha Freimann, ambacho sasa kimemezwa na Munich. Kuna na Wayahudi waliobeba jina hilo, nao wana historia yao. Maana ya mnyongaji ni moja kati ya hizo, ya kwenu kusini na Austria. Kwa hiyo anayesema anajua kwa hakika jina la mtu fulani limetoka wapi, anasema zaidi ya anachojua.

Siandiki haya ili unirudishie Burgl. Karatasi ile nimeichana, lakini nimeichana kwa kuchelewa.

Kwa heshima,
Henning Henker


Moosharting, 27 Aprili 1977

Henning,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa karakanani, chini ya nyundo, isipeperuke.

Kwanza, asante kwa wakulima huru na kijiji cha Munich. Ni faraja nzuri, lakini si yangu. Wewe hukulelewa ng'ambo ya kijito. Kilima nyuma ya nyumba yetu kinaitwa Galgenberg, Kilima cha Kunyongea, na mimi nimekitazama kila asubuhi nikinyoa ndevu, sikuwahi kujiuliza kwa nini jirani yake pekee ni sisi. Wengine wenye jina hili wachague shina walipendalo. Mimi langu nalijua.

Pili. Unadhani sipati usingizi kwa sababu babu wa babu yangu alinyonga watu? Hilo nalilia siku moja, linapita. Alitumwa na wale wale waliokataa kumpa mkono. Kinachonichoma ni kicheko changu. Mara mbili nimekucheka, Henning. Mara ya kwanza ulikuwa mezani kwangu, mara ya pili hukuwepo, na mara ya pili nilicheka kwa nguvu zaidi, mji mzima ukinitazama. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Kwangu mimi kilikuwa kimeshafika kabla sijazaliwa, na bado nilicheka.

Wewe umeficha karatasi mfukoni, ukaichana. Mimi kamba yangu niliining'iniza. Tukipima, sijui nani mzito, na sitaki kupima. Lile la kumwacha Burgl aandike ni baya. Nimelisoma na limeniuma. Lakini nakuambia kama mtu wa umri wangu: ulitaka kujificha, ukashindwa, ukaniandikia mwenyewe bila kulazimishwa. Mimi huyu Sixtus nimeishi naye maisha yote, karakana yangu na tanuri lake zikitazamana sokoni, na hakupata siku moja ya kuniita pembeni aniambie polepole.

Burgl nimemwandikia. Nimemwambia mtu anayeona haya ndiye anayefaa kuishi naye, mradi asiifanye kuwa kazi yake. Sijui kama atasikia. Ana kichwa cha mama yake.

Jina, baki na lako. Henker linasema ukweli mlangoni, mtu anajua anaingia wapi. Langu linatabasamu kwanza. Liishe na mimi. Nakuomba hivyo kama baba, si kwa kiburi safari hii.

Njoo Juni, kama atakuleta.

Korbinian


Bremen, 20 Mei 1977

Baba,

Nimemleta nyumbani. Tumegombana vizuri, siku tatu, hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Sasa tunazungumza kama watu waliotoka hospitali.

Tunakuja. Ndoa ya serikali Ijumaa ya 17 Juni, kanisani Jumamosi. Agiza bia.

Kuhusu jina bado hatujapatana. Mimi nasema tufanye unavyotaka. Yeye anasema bado anafikiri. Nimemwambia baba ameomba. Akasema, "Najua alichoomba, ninayo barua yake." Usiniulize zaidi, sijui.

Burgl


Moosharting, 20 Juni 1977

Dada Zenzi,

Wameondoka leo asubuhi, na nyumba imekuwa kubwa. Nakuandikia kabla sijasahau, kwa kuwa uliniambia kwenye simu nisipokuandikia kila kitu utakuja na magongo yako kunipiga.

Kwanza jambo letu. Sikukasirikii tena. Nilikukasirikia Aprili yote. Nilikuwa najiambia: dada yangu aliketi nami kila Krismasi akanisikiliza nikijisifu, akanimegea keki. Halafu nikakumbuka kwamba kila nilipoanza stori ya watu huru uliinuka kwenda jikoni. Nilidhani unapenda kuosha vyombo.

Haya, harusi. Sikutaka kwenda ofisi ya manispaa. Nilimwambia Burgl nitawasubiri kanisani kesho yake. Akasema, "Baba, vaa koti." Nikavaa. Tulivuka uwanja wa soko watatu, mchana kweupe, na nilihisi kila dirisha. Brandhuber mzee alikuwa kwenye benchi. Aliinamisha kichwa, kama siku zote, na mimi kwa mara ya kwanza nilijua alikuwa anafanya nini. Sikumrudishia. Nilitazama viatu vyangu. Henning alikwenda kwake, akamwekea mkono mbele ya tumbo, akangoja. Mzee akautazama ule mkono kama samaki wa jana. Henning akangoja tu. Mwishowe akapewa vidole viwili. Sitakudanganya kwamba ni zaidi.

Ofisini joto lilikuwa kali, mlango wameuacha wazi. Kwenye korido kulikuwa na watu wa vibali vya kujenga, na Sixtus, aliyekuja kuuliza keki zipelekwe saa ngapi. Alikuwa ameshika kofia. Tangu siku ile ya pipa hajanisemesha, ila mikate yangu huwa inakuwa mikubwa kuliko niliyolipia. Sijui nifanye nini na mikate hiyo. Naila.

Msajili ni yule kijana wa kina Zirngibl. Akasoma anayosoma, wakakubali, Burgl kwa sauti kubwa, Henning kwa sauti ndogo. Kisha kijana akauliza, "Na jina la familia mnachagua lipi?" Aliuliza huku anatazama dirishani, maskini, kwa sababu naye alikuwepo siku ile akacheka.

Burgl akasema, "Henker."

Henning akasema, "Hapana. Freimann."

Burgl akamgeukia. Hawakuwa wamepatana, Zenzi! Pale pale mbele ya serikali. "Baba ameomba," akamwambia. Na mimi nikasimama, nikasema, "Kijana, usifanye hivyo. Nilikuandikia." Nilihisi uso unawaka mpaka nyuma ya masikio, kama niko tena mezani Hirschen nimebaki nacheka peke yangu.

Henning akaniambia, wala hakuinua sauti, "Baba, barua yako inasema liishe na wewe. Nimeisoma mara nyingi, na hilo tu ndilo sikubaliani nalo. Nimeishi na jina ambalo kila mtu anajua maana yake. Siliachi kwa sababu ya aibu tena. Nalichukua lako nikiwa najua ni nini. Burgl akikubali."

Msajili alivua miwani akaifuta akaivaa. Burgl akasema, "Mjinga wewe, ungeniambia kwenye treni." Na akakubali.

Mimi nilikaa chini. Sikuweza kumtazama mtu. Usidhani niliona fahari, Zenzi, hapana. Nilitazama mbao za sakafu, na nilikuwa naona haya hadi mifupani, ya babu, ya kamba, ya kila bia niliyowanunulia watu nikijitangaza mtu huru. Niliona haya pia kwamba mgeni anabeba kitu ambacho mimi nilikuwa tayari kukitupa.

Msajili akaanza kuandika. Hakuna aliyemwuliza Henning linaandikwaje. Moosharting nzima inajua linavyoandikwa. Lakini yeye akasogea kidogo kuelekea mlango ulio wazi, akaanza kulitaja, herufi moja moja, polepole, kwa lafudhi yake ile ya kaskazini, hadi watu wa vibali wakageuka, hadi Sixtus akaacha kuzungusha kofia mikononi. F, R, E, I, M, A. Nilisikia kila moja ikianguka.

"Na N mbili mwishoni," akasema. "Tafadhali usisahau ya pili."

Hapo ndipo nilipoinua macho.

Kaka yako,
Korbinian